Fundi wa Mapaa Anamkumbuka Bi Vrbatová

Miaka thelathini na mmoja nimeziba mapaa yake.
Tambarare yote. Katika mji wa Brno, wenye theluji ya miezi minne,
mwanamke alitaka paa liwe uwanja,
watu waanike shuka, watoto wacheze karata
jirani na mawingu.
Maji hayakuisoma michoro yake.

Waliosomea mambo hayo husema alitangulia wote:
aliivua nyumba malaika wa plasta,
zabibu za chokaa, nguzo za kujionyesha,
akatandaza kioo toka pembe hadi pembe
mpaka jirani akamshitakia meya
kwamba sasa anamwona mwalimu akinywa supu.
Mimi namjua kwa lami.
Kwa ndoo sita ukumbini mwa shule,
kila ndoo na sauti yake.

Alikuja mwenyewe kila Machi, theluji ikilegea,
koti la kiume, penseli sikioni,
goti bovu likigombana na ngazi ya chuma.
Hakuwasingizia wajenzi.
“Hapa nilijidanganya,” alisema, akiupapasa ufa
kama apimaye homa ya mtoto,
kisha akaandika: *mwinamo, vidole viwili zaidi.*
Nyumba kumi na tisa.
Madaftari manne ya makosa, majalada ya kijani.

Siku moja, ulimi ukiwa bado mwepesi, nilimuuliza
kwa nini asiezeke tu paa lenye mgongo, kama babu zetu.
Alinishika mkono, tukashuka
hadi vyumba vya wafumaji wa sufu,
kwa Ludmila Šebková, aliyekulia chini ya ardhi,
kwenye dirisha la kuonea viatu vya wapita njia.
Saa tatu asubuhi, Februari.
Jua lilikuwa limekwishaingia,
limeketi mezani kama mgeni asiye na haraka,
na Ludmila anakata kitunguu ndani yake,
mikono mitupu hadi viwikoni.
Hatukusema neno.
Nyumba njema si mlango.
Yake haikuwa paa pia.

Alizikwa Oktoba. Manispaa ilipigilia kibao cha shaba,
na msumari wake umefungua ufa mpya; hilo nalo nitaliziba.
Daftari la nne aliniachia mimi.
Ukurasa wa mwisho, mwandiko umeinama:
*Shule, pembe ya kaskazini. Bado.*

Jana nilipanda.
Kweli, bado.