Mgeni Njoo

Landrova ya marehemu mjomba,
rangi ya jani la mkarafuu, ubavu mmoja bati tupu,
imeshusha magunia milima ya Mtambwe tangu sijaoa.
Mwaka jana ikakohoa penye mdalasini,
ikatapika mafuta meusi,
ikakaa.

Injini mpya si mpya. Ya Toyota, ya dizeli,
imeshuka Mkoani ndani ya turubali
kama abiria aliyelala, hakuna wa kumwamsha.
Binti yangu akaizunguka mara mbili.
"Kumbe naye mgeni," akasema.
Yeye ndiye Mgeni wa cheti, jina la bibi yake,
kazaliwa siku ya watu wengi na wali mchache.

Winchi hatuna. Tuna miti mitatu ya mvinje,
vichwa vimefungwa kwa kamba ya makumbi,
na mnyororo wa kuazima kwa Faki
anayeuulizia kila magharibi kama deni la mahari.

Ile kongwe ikatoka ikining'inia, ikidondosha.
Ndani ya chujio la hewa, kiota cha panya:
vikonyo vya karafuu, uzi wa kanga,
na risiti ya mizani, jina la mjomba, kilo zimeliwa.
Mgeni hakucheka. Akaandika.
Daftari la hesabu, kurasa za nyuma:
*Za gia boksi, 12. Za radieta, 4.
Ile inayomkasirisha baba, 1.*
Kila kundi na kopo lake la maziwa.

Kuna bolti huko nyuma mkono wangu haufiki.
Wake unafika. Hina ya harusi ya Zuwena
ilikuwa haijafutika; grisi ikaijazia maua.

Kisha siku ile.
"Kumi na moja, baba."
"Kumi na mbili."
"Nimehesabu."
"Umehesabu vibaya! Chuma si kazi ya mtu wa kuchezea simu."
Mnyororo unavutwa ukarudi. Neno halina mnyororo.
Akajifuta kwa majani, kidole baada ya kidole,
akaingia ndani.

Siku mbili nikafanya kazi peke yangu.
Spana iliteleza, ikanichuna ngozi,
na hakuna wa kuniambia pole wala wa kunicheka.
Ya tatu, natoa shati la kufuliwa:
mfuko mzito.

Sisi akina baba tuna njia nyingi za kuomba radhi,
zote za kuzunguka. Mmoja hununua mkate wa mofa.
Mwingine husifu chai.
Mimi niliirudisha usiku, kwa mwanga wa simu,
na kopo, kopo la maziwa, likalia kama kengele ya shule.

Asubuhi daftari liko wazi juu ya boneti.
*11* imekatwa mstari. *12.*
Pembeni, mwandiko wa kulala:
*imerudi yenyewe.*
Naye keshaingia uvunguni, miguu nje.
"Spana kumi na saba."
Nikampa.
"Hii kumi na tisa."
Nikampa tena.

Alasiri tukaiteremsha. Shusha. Kidogo. Simama.
Kushoto. Kushoto kwako au kwangu?
Nusu saa nzima tulibishana kushoto ni kwa nani,
Faki kakaa juu ya ndoo, hakusaidia lolote
ila kusema mgeni njoo mwenyeji apone,
mara tatu, na kucheka mwenyewe.
Bolti zikaona matundu yake.

Nikampa ufunguo. Ikakataa.
Tukatoa hewa kwenye bomba la dizeli.
Ikakataa. Akangoja hita, akahesabu kimoyomoyo
(hesabu yake sikuiuliza)
ikakamata.

Moshi mweupe, kuku mpaka kwa jirani,
bati la ubavuni linapiga makofi.
Kutoka nyuma ya usukani akanipigia kelele jambo,
maneno matano, sita,
macho yake hayatoki kwangu.
Injini ikayameza yote.
Nikaitikia kwa kichwa: ndiyo.
Mpaka leo sijui nilikubali nini.