Lozi za Kaka

Saa kumi alfajiri, Kolhapur bado imejifunika gubigubi,
Mama anamenya lozi zilizolala majini usiku kucha.
Ganda linatoka kwa kidole gumba
kama shati la mtoto anayevuliwa usingizini.
Kumi na moja. Anazihesabu kwa sauti,
maana dukani kwa Bhosale
daftari letu limejaa hadi jalada la nyuma.

Hizo si za sasa.
Za sasa ni ndizi moja, ndogo, ya ganda jembamba,
ukufi wa dengu zilizoanza kuota mkia,
maji mafunda matatu. Basi.
"Aliyeshiba hapigani," husema Mwalimu Dattoba, "husinzia."
Wiki ya kwanza nilimbishia kimoyomoyo,
nikala mikate miwili ya mtama na kiporo cha mchuzi;
mieleka ya tatu nikavirudisha vyote
juu ya udongo mwekundu, ule waliouchanganya
na mtindi, manjano, mafuta na ndimu,
udongo tunaougusa kwa paji la uso kabla ya kuukanyaga.
Niliuzoa kwa mikono yangu.
Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililouma.

Kisha kuinama na kuinuka, mara mia tatu,
jasho likidondoka puani,
kila tone likichimba kishimo chake.
Kisha kamba. Kisha kumbeba Ashlesha mabegani,
kilo sitini na mbili, kuzunguka uwanja,
naye ananinong'oneza habari za mtihani wa hesabu.

Ukimaliza, usikimbilie sufuria.
Kaa. Acha udongo ukukaukie mgongoni,
moyo urudi kwenye kiti chake.
Ndipo maziwa: ya nyati wetu, vuguvugu,
lozi zimesagwa humo, na iliki, na sukari guru.
Jua likipanda, nyama ya mbuzi,
mchuzi mwekundu wa kukutoa kamasi,
mikate mitatu, kitunguu kilichopasuliwa kwa ngumi.
Nyumba iliyobomolewa asubuhi
haijengwi kwa maneno.

Zamani lozi hizi zilikuwa za Sambhaji.
Ishirini na moja, na mimi sikupewa hata ganda.
Kazi yangu ilikuwa kukamua nyati
na kupeleka bilauri hadi mlangoni mwa uwanja,
mlango ambao wakati huo haukuwajua wasichana.
Njiani nililamba povu.
Mama hakujua. Au alijua:
kila siku bilauri ilifika imepungua, kiasi kilekile,
na kila siku aliijaza mpaka pomoni.

Goti la kaka lilikatika kwenye tamasha la Sangli.
Mazoezi yakaisha siku hiyohiyo.
Njaa haikuambiwa.
Mwaka mzima alikula ya baada bila ya kabla,
samli juu ya samli, mikate sita, mifupa akiivunja kwa magego,
hadi tumbo likawa linaingia mlangoni
na yeye analifuata.

Jioni moja alinikuta nyuma ya zizi
nikipigana mieleka na gunia la pumba.
Gunia lilikuwa linashinda.
Alitazama, akachechemea ndani bila neno.
Asubuhi akasukuma kibakuli chake hadi mbele yangu.
"Zinanisumbua meno," alisema.
Mama alisimama na kisu mkononi,
akamtazama yeye, akanitazama mimi,
akaanza kuhesabu upya.

Leo nimemwangusha Ashlesha mara mbili, naye kaniangusha tatu.
Nimeketi ukutani, udongo unapasuka mabegani.
Namsikia kabla sijamwona,
mguu mmoja mzito, mmoja mwepesi,
bilauri imefunikwa kwa kitambaa.
"Kunywa, bado ina moto," anasema, akiangalia pembeni.
Nafunua. Imepungua,
na kwenye masharubu yake
kuna mstari mweupe wa povu.