Maua ya Saa Nne

Nilishuka Pawaga na ndoo tatu za udongo wa Makete,
udongo mweusi, wa baridi, nimeufunika kwa kanga,
na ndani yake mayungiyungi ya mama yangu
yameinamisha vichwa kama watoto waliotapika njiani.
Kondakta alicheka: "Mwalimu, unahamisha kaburi?"
Sikumjibu.

Oktoba iliyakuta barazani.
Siku tisa niliyamwagilia mchana, jua la utosi,
nikidhani kiu ni kiu tu, na huruma haina saa.
Siku ya kumi yaligeuka rangi
ya karatasi iliyofungiwa maandazi.
Waridi lilijitahidi. Lilitoa ua moja,
dogo kama kifungo cha shati,
likafa kabla halijafumbua.

Ng'ambo ya njia, Mgongolwa fundi pikipiki
ana bustani kwenye madebe ya oili.
Madebe meusi, ukiyagusa yanakuunguza,
na juu yake zinia nyekundu, zinia za chungwa,
zimesimama wima saa nane mchana
kana kwamba kuna mtu anazipiga picha.

Nikaenda na aibu yangu.
Hakuinua macho kwenye kabureta.
"Mwalimu, wewe unamwagilia majani.
Jani halina mdomo.
Amka alfajiri, jogoo akiwa bado anasafisha koo,
mimina chini, polepole, kisha funika kwa pumba za mpunga.
Na usimpe kila siku. Ukimpa kila siku
mzizi unakaa juu juu kusubiri kikombe,
hauoni sababu ya kuteremka."

Akanipa kiberiti. Ndani hamna njiti:
mbegu, ndogo kama baruti.
Jina lake la dukani halijui.
"Sisi tunaliita saa nne.
Kabla ya hapo halikufahamu."

Nilipanda kwa maji yaliyooshea mchele,
maji ya uso, maji ya mwisho ya kusuuzia vikombe,
maana zamu ya mfereji ni ya mpunga,
na mpunga hauna utani.
Novemba ikaja, upepo wake pumzi ya tanuri la matofali.
Mbwa wa shule alihamia chini ya mtungi.
Darasa la tatu waliandika imla macho yamelegea,
hata chaki ilikuwa kama inatoka jasho.

Na Jumanne moja, saa nne kasoro kidogo,
karibu na kizingiti cha nyumba yangu
kikafunguka kitu cha zambarau,
kisha cha manjano,
kisha kengele ya mapumziko ikalia
na watoto wakanipotezea hesabu.

Mama alikuja Desemba, na sweta lake.
Alilivua taratibu, mkono mmoja kwanza,
kama mtu anayekiri kosa.
Akayatazama maua yangu kwa muda mrefu.
"Haya hayana haya," alisema.
"Jua lote hili, na yenyewe yamekodoa macho tu."
Lakini usiku nilimsikia akihesabu madumu,
na alfajiri nilimkuta amechutama, kanga kiunoni,
akimimina chini, polepole,
kwa kikombe kilichovunjika mkono.
Nani alimfundisha, sijui.

Aliporudi milimani alibeba kiberiti kimoja.
Februari akapiga simu, sauti imejaa ukungu:
"Yameoza. Hata moja halikuiona Jumapili.
Nimeyafunika, nimeyawekea jiko la mkaa karibu,
nimeyaombea."

Nikanyamaza.
Ilikuwa saa tatu na nusu. Dirishani
vitumba vilikuwa bado vimekaza ngumi,
vikingoja jua lipande mpaka liume.
Nilitaka kumwambia habari za udongo wake:
kwamba ndoo moja bado ninayo, nyuma ya mlango,
na sijapanda kitu ndani yake.
Mchana mwingine, nikitoka kipindi cha sita,
nauingiza mkono mpaka kiwiko.
Chini kabisa bado kuna baridi.
Sikumwambia.
Nilimuuliza kama mvua imenyesha.