Kibao cha Jikoni

Nilikikata kwa msumeno wa baba yake Garazi,
kile kibao cheupe cha plastiki
ambacho mama alikatia vitunguu miaka thelathini.
Miduara miwili, kila mmoja kama kisahani cha kahawa,
tukaigundisha kwenye viganja vya glavu za ngozi.
"Upande wenye makovu uache nje," Garazi akasema.
"Lami itayalamba."

Yeye ana miaka kumi na saba. Mimi hamsini na miwili,
mwoka mikate, mwenye magoti ya mtu
anayesimama mbele ya tanuri tangu saa nane za usiku.
Wanaosema mambo ni mteremko
hawajasimama juu ya Arrakoitz alfajiri,
ukungu ungali umelalia mialoni,
kengele za kondoo zinasikika, kondoo hawaonekani,
na barabara inashuka mbele ya vidole vyako
kama iliyosahau kitu bondeni.

Somo la kwanza halikuwa na kasi.
Mguu wa mbele, mshazari. Wa nyuma, kisigino ukingoni.
Chuchumaa. Zaidi.
Hapa ndipo mwisho wangu, nikamwambia.
Basi chuchumaa kama unayeona mkate unaungua.
Mkono chini, nyuma yako, lakini usiuegemee:
mkono ni wa kuuliza njia tu.
Fungua bega. Tazama unakotaka kwenda,
si unakoogopa.

Nilitazama nilikoogopa.
Nikaenda huko huko, mtaroni, kwenye upupu.

Kuteleza si kuanguka, nilijiambia chali,
nikihesabu mawingu na meno.
Aliyeusema msemo huo aliteleza bila kutaka,
labda kwenye tope, labda kwenye maneno.
Huku kuteleza ni kazi.
Unakuomba, unakusukuma kwa kisigino,
na kunakukatalia; magurudumu yanang'ang'ania lami
kama mtoto asiyetaka kuogeshwa,
kisha yanaachia yote mara moja
na wewe hupo tena juu ya chochote.

Wiki sita. Nyonga yangu ilipita rangi zote za zambarau.
Bi Milagros, mteja wa saa moja asubuhi,
aliniona nachechemea nyuma ya kaunta.
Umepigana na nani?
Na mlima.
Akabonyeza mkate wake kama kawaida.
Mlima umeshinda, akasema, akahesabu sarafu.

Jumamosi ile Eneko alisimama kwenye kona ya birika
akiwa na redio ya mkononi.
"Barabara safi. Ng'ombe mmoja. Ametulia."
Garazi alishuka kwanza, kifua juu ya goti,
mikono mgongoni, mdogo, mdogo zaidi, nukta, hayupo.
Nikasukuma mara mbili.

Sitasema nilipaa. Nilikuwa mzito kuliko siku zote.
Upepo ulikuja na kila kilo yangu ukaipima,
kofia ikavuma kama tanuri,
mistari myeupe ikawa mstari mmoja,
na ile kona, ile kona ikaanza kunijia yenyewe.
Nikakata kidogo kulia. Nikashusha kiganja.
Nikamtazama Eneko, si ukuta wa birika,
Eneko na koti lake jekundu.

Kibao kikageuka.

Sauti yake si mayowe, Garazi alinidanganya.
Ni kisu kikipita kwenye ganda la mkate wa moto, kirefu,
na chini ya kiganja changu kibao kingine,
kile cha vitunguu, kikikwaruza, kikikwaruza,
kama asubuhi nilizoamkia jikoni
kabla sijajua kwamba kuamka huisha.

Nikasimama kabla ya ng'ombe.
Gurudumu moja lilichongeka ubapa;
lilinisindikiza hadi chini likisema tok, tok, tok.

"Uliegemea mkono," Garazi akasema.

Najua, nikamjibu.
Nikavua glavu. Mfano wa makovu ishirini yalikuwa yamekwisha.
Limebaki moja, refu, pembeni.
Kesho sitaegemea.
Au kesho kutwa; kesho kuna mikate ya sikukuu.