Kisanduku cha Tatu

Mwalimu Chizuru alipofika Newala na hisabati zake
hakuna aliyemcheka kwa kusema "balua" na "halaka".
Nasi huku r imetupita kando;
tukamwambia: karibu dada, kumbe wewe ni wa hapa hapa.

Kidato cha Tatu, kipindi cha mwisho, njaa inauma,
Nampunju akanyoosha mkono kuuliza lisilo la hisabati:
"Mwalimu, kwenu kweli hakuna jeshi?"
"Lipo. Ila haliitwi jeshi.
Linaitwa Kikosi cha Kujilinda. Katiba yetu, kifungu cha tisa,
inasema vita tumeviacha."
Kimya. Kisha Nampunju, taratibu:
"Ukimwita chui paka, meno anayaacha wapi?"
Darasa likaangua kicheko. Naye akacheka, kiganja mdomoni,
akafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Jioni tulipanga ndoo.
Zamu ya maji ilikuwa saa kumi;
saa kumi na mbili bomba lilikuwa bado linakohoa hewa.
Tukakaa kwenye benchi la Somoe wa vitumbua.
Alikuwa na karatasi, rafiki yake wa chuo anakusanya maoni,
visanduku vidogo kama punje za mtama:
Fedha za ulinzi ziongezwe? Kifungu kibadilishwe?
Ndiyo. Hapana. Sijui.

"Bibi yangu," akasema, "anachukia sare,
hata ya mpeleka barua.
Ardhi ilipotikisika Kumamoto dari ilimlalia usiku kucha.
Waliomfukua ni askari, kwa koleo na kwa kucha.
Akawainamia kushukuru mpaka kiuno kikamwuma.
Mwezi uliofuata akaulizwa, waongezewe silaha?
Akaandika: hapana. Waongezewe koleo."

"Na baba?"

"Baba huamshwa na simu inayopiga king'ora,
kombora la jirani limepita juu ya bahari.
Anasema bibi anaishi kwenye nyumba ya amani
ambayo ufunguo wake anao Mmarekani."

Nikataka kumwambia ya kwetu.
Kwamba hapa jeshi tumeliona likipakia korosho,
askari na gunia begani, bunduki imeegemea mzani,
wengine wakashangilia, wengine wakahesabu kilo mara mbili.
Kwamba mama yangu ana handaki nyuma ya jiko,
la enzi za ndege za Mreno ng'ambo ya Ruvuma;
limeota migomba,
lakini kila masika yakiisha huzichonga upya ngazi zake,
na ukimuuliza kwa nini, anakupa jembe.
Kwamba ng'ambo ilipowaka tena,
watu wakavuka mto na watoto na sufuria moja,
malori ya kijani yakashuka bondeni usiku wa manane,
nami, mwalimu wa Uraia, ninayefundisha amani kwa chaki,
nikasikia ngurumo zile, nikageuka upande wa pili,
nikalala fofofo.

Hilo la mwisho sikulisema.

"Wewe ungeweka wapi alama?"

Ukisimama pale Shimo la Mungu, Ruvuma ni uzi tu.
Usingejua ni mpaka kama hukusoma jiografia.
"Sijui," nikasema.

"Hicho ni kisanduku cha tatu. Kwetu wengi wanaishi humo.
Si wajinga.
Wamekaa mezani kati ya bibi na baba
na wali unapoa."

Bomba likapiga chafya.
Maji mekundu, kisha ya kahawia, kisha maji.
Tukakimbia, ndoo zikagongana, mtu akatukaniwa shangazi yake,
karatasi ikabaki benchini imekandamizwa na kikombe cha chai.

Tuliporudi kikombe kilikuwa kimeacha duara
lililomeza ndiyo yote
na kulamba ukingo wa hapana.
Akalitazama kama anayesahihisha mtihani.
"Nitaituma hivi hivi," akasema,
akajitwika ndoo, mikono yote miwili juu, bado hajazoea,
maji yakimchuruzika shingoni hadi nyumbani kwake.