Tambi za Chumvi

Foleni imepita duka la simu,
imekunja kona, imefika kwa fundi wa saa.
Tumepewa kikaratasi: sitini na tatu.
"Hata hospitali," asema mama,
"huitwa mtu mapema kuliko hivi."
Buibui lake lanukia udi,
kavaa viatu vya harusi ya dada, vile alivyoapa havimbani.

Ndani, mvuke na jasho ni kitu kimoja.
Nyali nzima imekuja na simu zake
kuyapiga picha mabakuli.
Mama akitafuta cheti cha halali ukutani,
akakisoma mpaka tarehe, mpaka mhuri,
ndipo akaketi.

Kadzo, mwenye kutuhudumia, akaeleza:
rameni hii ni mifupa ya ng'ombe, saa kumi na nane motoni,
yai, vitunguu vya majani, kipande cha mwani.
"Mwani?" Mama akanigeukia. "Mwani huu huu
unaotutelezesha ufuoni?"
"Huo huo."
"Na watu hulipa?"
"Hulipa, mama."
Akanyamaza, kama apigaye hesabu
ya mali aliyoikanyaga miaka sitini.

Bakuli likaja. Akaliinamia.
Kwetu sisi tambi ni sukari na iliki,
ni zabibu, ni tui zito,
ni asubuhi ya Idi na sahani ya jirani iliyofunikwa kawa.
"Tambi za chumvi," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyeambiwa
shoga yake kaletewa mke mwenza.

Kisha akaisikia.
Fyuuu, meza ya dirishani.
Fyuuu, kijana wa benki, tai kaitupia begani.
Fyuuu, bibi harusi mtarajiwa, mbele ya wakweze!
Na nyuma ya kaunta Bwana Okabe, mwenye jiko,
anatikisa kichwa, ameridhika.
"Kwao," Kadzo akanong'ona, "kelele ndiyo shukrani."

Mama akaweka kijiko chini.

Miaka arobaini na mmoja
baba alikunywa chai hivyo, uji hivyo,
mchuzi wa papa hivyo,
na miaka arobaini na mmoja akikemewa:
Shekuwe, wageni!
Shekuwe, mbele ya watoto!
Shekuwe, wewe ni mtu ama ni mfereji?
Siku ya harusi yangu mama alituma ujumbe upande wa wanaume
aketishwe karibu na jenereta.

Sasa ana miezi saba Kikowani.
Eda iliisha, mama hakutoka,
mpaka leo nilipomvuta kwa uongo
kwamba twaenda kununua pazia.
Nyumbani kwake chai hunywewa kimya,
saa ya ukutani yasikika mpaka barazani.

Akavishika vijiti kama sindano za kufumia.
Akainua nyuzi tatu, akafumba macho.
Fyu.
Fupi, ya aibu. Tone likaangukia buibui.
"Sivyo," akasema, si kwangu.
"Yake ilikuwa na kamkia mwishoni."
Akarudia. Fyuu.
"Karibu. Lakini sivyo."

Kadzo akaita sabini na nane, akaita sabini na tisa,
watu mlangoni wakitutolea macho.
Mama akasogeza bakuli langu upande wake,
lake limekwisha,
akainama tena.