Moyo Konde

Shamba la baba kule Ndalu tumelipigania miaka saba,
mawakili wawili, machifu watatu,
na kaka ambaye hadi leo tukikutana mazishini anaangalia viatu.
Moyo wa baba hakuna aliyeupigania.
Uligawiwa kimya, bila hati, bila mpima ardhi.
Khisa alichukua wake mapema:
dakika ya sabini, uwanjani Jericho,
akaanguka hajaguswa na mtu,
mpira ukaendelea kubingirika hadi mtaroni.
Tukasema amerogwa.
Tukamjua na aliyemroga.

Wangu niliuona Jumanne, kwenye kioo cha mashine,
ubavu umepakwa kitu baridi, kizito kama ute wa mrenda.
"Ukuta huu," akasema Daktari Muthengi, "ni mnene mno.
Damu inapita kwa kuomba ruhusa."
Miaka yote nimeambiwa: piga moyo konde, Nelima.
Nimeupiga. Nimezika, nimelipa karo, nimeupiga tena.
Sasa tazama, umejifunza,
umekuwa konde wenyewe,
unajikunja, haukunjuki.

Fomu ilikuwa na kurasa kumi na nne.
Kila ukurasa unauliza kama nimeelezwa na nimeelewa.
Nimeelezwa.
Ni dawa mpya ya kuulegeza msuli,
au ni unga tu ndani ya ganda lilelile, rangi ileile.
Sijui mimi, hajui daktari,
hajui Sista Chelagat anayenikabidhi chupa.
Inayojua ni kompyuta, nayo imeapishwa.
Jirani yangu pale Umoja ananiita panya wa maabara.
Nikamwambia panya haombwi sahihi,
panya harudishiwi nauli.
Akacheka sana. Mimi nilicheka kidogo, pumzi ikaniishia.

Mwezi wa tatu, kipimo cha kutembea:
ukumbi wa mita thelathini, koni ya rangi ya chungwa huku na huku,
dakika sita, Sista na saa yake.
Mzee wa usafi kaisogeza ndoo,
ananipisha kama gavana.
Mara ya kwanza nilisimama mara mbili, mkono ukutani.
Leo sijasimama.
"Mita arobaini zaidi," Sista akaandika, bila kutabasamu,
maana hata tabasamu limekatazwa kwenye utaratibu.
Huenda ni dawa.
Huenda ni unga, na hamu yangu.

Jioni Nanjala anaruka kamba koridoni,
themanini na moja, themanini na mbili,
kamba inachapa saruji.
Damu yake iko maabara, jibu baada ya wiki tatu.
Nataka kumwambia aache.
Nataka kumwambia aruke.
Nameza kidonge cha usiku, chupa namba 0417,
na anapoingia kunywa maji
namwekea sikio mgongoni, juu ya sare yenye jasho.
"Mama, unanitekenya."
Nyamaza kidogo, namwambia.
Bado nahesabu.